Dubu wa Mbau

Dubu wako aina nane, nami nazijua kama wengine wanavyojua sala. Mweupe yuko kwenye barafu ya kaskazini. Wa kahawia yuko Ulaya, Asia na Amerika. Weusi ni wawili, wa Amerika na wa Asia. Mwenye miwani anaishi katika milima ya Amerika Kusini, panda kwenye mianzi ya China, mla mchwa India, na mdogo kuliko wote katika misitu ya joto ya Asia. Afrika hakuna hata mmoja. Haya nilifundishwa shuleni mjini Butembo, nikiwa nimeshachelewa.

Kwetu ni Mbau, kando ya msitu. Kabla vita havijatufikia, monitrice, ndivyo tulivyomwita mwalimu wa shule ya Jumapili, alitusimulia dubu wawili waliotoka msituni wakararua watoto watundu. Mdogo wangu, msichana wa miaka sita, alinifuata kila mahali kama mkia. Njiani akaniuliza, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "Yaya, ule musitu ni hii yetu?"

Nilitaka kwenda kutega ndege bila mkia. "Ndiyo, ni hii yetu. Dubu iko nyuma ya mashamba."

Akaacha kunifuata siku ileile. Nilicheka, mjinga mimi.

Asubuhi moja risasi zikalia upande wa barabara, watu wote wakakimbilia msituni. Mama, mwenye kichanga mgongoni, akaniambia nimshike mdogo wangu. Yeye akang'ang'ania mwimo wa mlango.

"Miye hapana kwenda! Dubu iko mule!"

Mama alilisikia neno hilo, hakulielewa, akatangulia akijua tuko nyuma yake. Nilimvuta mtoto, akaniuma mkono, nikamwachia. Ilihitajika neno moja tu: nilikudanganya. Sikulisema. Nikakimbia.

Tuliporudi siku ya tatu tulimkuta palepale mlangoni. Tulimzika nyuma ya jiko, tukahamia Butembo. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Huko Butembo mama, asiyejua kusoma, aliona picha katika daftari langu.

"Hii ni nyama gani?"

"Ni dubu."

Akaigusa picha kwa kidole. "Ni ile mutoto alikuwa anaogopa? Nani alimuambia kama iko kwetu?"

"Ni monitrice, mama."

Monitrice naye alikuwa amekimbilia Butembo, tukisali kanisa moja. Jumapili iliyofuata alimnyooshea mama mkono, mama akautazama tu akapita. Alimnyima mkono miaka yote, hadi tulipomzika mama mwenyewe. Monitrice alikuja mazishini. Alinipa pole, nami nikaipokea.