Maji ya Ziwa Ndani ya Betri

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki nami nikatolewa shule darasa la tatu. Kusoma ninasoma, kuandika ndiko huku mnakokuona. Tangu hapo sijala cha mtu. Nimeanika dagaa mchangani, nimekamua mawese, nimebeba kuni kichwani. Nilipokuwa mtu mzima nikanunua chaja ya betri kwa fundi wa magari aliyekuwa anahama mji, nikafungua kibanda cha kuchaji betri Kasingirima, mtaa wa mjini kando ya ziwa.

Watu walicheka. Mwanamke na betri! Nikawaambia, dagaa mbichi anaoza leo, aliyeanikwa unamla hata mwezi ujao. Umeme ni hivyo hivyo. Ukiuacha kwenye waya unakwenda zake. Ukiulaza kwenye betri, unaamka siku unapoutaka. Wakaja wa Kidahwe, betri wamezifunga nyuma ya baiskeli. Wakaja wa Mwamgongo kwa boti. Huko nguzo za umeme hazikuwepo, redio zao na taa zao zilinisubiri mimi.

Sasa, betri ya maji inakunywa. Kila ukiichaji maji yanapungua, lazima uiongezee. Yapo maji yake, yanauzwa kwenye chupa. Kuna mwaka chupa zile ziliadimika madukani. Nikajiuliza: jamani, si tuna ziwa hapa? Maji unayaona mpaka chini, unahesabu mawe. Tunayanywa, tunaoshea maiti, tunapikia watoto uji. Betri ni nani hata iyakatae? Nikachota ndoo, nikachuja kwa kitambaa safi, nikazijazia betri za wateja wote.

Miezi michache ikapita. Asubuhi moja akafika kinyozi wa Mwamgongo, katoka kushuka kwenye boti, betri begani. Nyuma yake mwanamume aliyevuta kofia ya sufu mpaka masikioni, na jua lile!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Betri imefanya nini?"

"Usiniulize mimi. Bwana harusi, vua kofia."

Akavua. Kulia kichwa kinang'aa, kushoto nywele zote zipo. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

"Cheka tu," akasema bwana harusi. "Ndoa yangu kesho mchana. Mchumba akiniona hivi atauliza anaolewa na nusu ipi."

Nikamgeukia kinyozi. "Umeiweka sakafuni. Saruji inanyonya moto wa betri. Nimewaambia mara ngapi, wekeni juu ya ubao?"

"Iko juu ya ubao, mama! Imebaki kuitandikia shuka. Na si yangu peke yake. Jirani mwenye redio, yake imekufa. Yule anayechaji simu za watu, imekufa. Kule wanasema yule mama wa Kasingirima anatuulia betri, bora tupeleke kwingine."

Kicheko kikaniisha. Kibanda kile ndicho kilichonilisha, na jina langu ndilo lililoleta watu kwa boti. Lakini mimi si wa kukubali upesi. Nikamwambia, mashine yako ya kunyolea ndiyo mbovu, lete tuone. Akaitoa mfukoni. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, basi nikavuta betri yangu mwenyewe, ya kuangalizia taarifa ya habari, nikaunga waya. Mashine ikavuma kama nyuki. Kinyozi hakupoteza muda. Akamkalisha bwana harusi juu ya ndoo, akammalizia pale pale, mimi nimeshika kioo.

Kisha akaigonga betri yangu kwa kidole. "Hii ina umri gani?"

"Niliinunua kabla hujanunua yako."

"Inakunywa maji gani?"

"Ya chupa," nikajibu kabla sijafikiri. "Ilikuwa imebaki moja."

"Na zetu?"

"Ya ziwa. Maji ni maji."

Akanitazama. "Kama maji ni maji, mama, ile chupa ya mwisho mbona ulijiwekea wewe?"

Nikazichomoa waya kwenye betri yangu. Baadaye fundi mmoja alinieleza: maji ya ziwa yana chumvichumvi zake, tumboni mwa mtu hazina neno, kwenye betri ni sumu. Ila kinyozi hakuhitaji fundi.

Nikampa betri yangu, ile iliyokufa nikabaki nayo. Kesho yake nikapanda boti, nikaenda harusini bila kualikwa. Watu wamekaa kula, nikasimama.

"Betri zenu nimeziua mimi. Sikuua kwa ubaya, nimeua kwa ubahili. Kila mwenye yake iliyokufa atapata nyingine, mmoja mmoja, kwa foleni."

Bibi mmoja akasema, "Muuaji huyu anajitaja mwenyewe. Mpeni pilau." Wakacheka, nikala.

Foleni ile ilinichukua mwaka na zaidi, nikarudi hata kwenye dagaa ili nitimize. Nilitimiza. Hakuna aliyepeleka kwingine.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano. Paneli sita za sola juu ya bati. Chaja mbili. Betri kumi na nne za kukodisha. Madumu manne ya maji ya betri, yamejaa. Michikichi thelathini njia ya Kidahwe. Mbuzi saba. Wateja arobaini na mmoja, kumi na tisa wa Mwamgongo.