Kombe Lililofungwa Pindoni mwa Leso

Mimi kitabu cha mwongozo sikianzi mwanzoni. Nakigeuza, natafuta ukurasa wa vitu vinavyodhuru, na kama haumo nakirudisha palepale kwenye rundo, hata kiwe na picha za kukutoa macho. Muuza vitabu wa barazani kule Malindi ameshanizoea. Huniangalia nikipekua, akasema mteja gani huyu, kila kitabu anauliza habari ya kufa. Namwacha aseme. Yeye hakuwepo Kilifi siku ile.

Vitabu vyake vingi vimeachwa na wageni. Mtalii akirudi kwao mzigo humzidi, kitabu hukiacha chumbani, na wafanyakazi wa hoteli hukileta mjini. Ndiyo maana kwetu utapata vitabu vya Kitaliano vimepangwa chini kama nyanya. Nami Kitaliano nakisoma. Nimepiga pasi mashuka ya hoteli ya Wataliano miaka mingi, na lugha ikaniingia bila darasa wala mwalimu. Kiingereza cha shule ninacho pia, lakini hicho sikukipenda tangu utoto. Kilinichapisha viboko vingi mno.

Mapenzi yangu ni makombe ya pwani, yale magamba ya konokono wa baharini. Si ya kuuza, ni ya kukusanya tu. Naokota yaliyo matupu, yaliyokwisha kufiwa na wenyewe, nayaosha kwa maji baridi, nayapanga kwenye trei za mayai juu ya kabati. Mume wangu alikwisha choka kusema. Basi siku moja kwa yule muuza vitabu nikakuta viwili vya makombe. Kimoja kikubwa, jalada gumu, cha Kitaliano, kila kombe limepewa ukurasa wake na linang'aa utadhani limepakwa samli. Kingine kidogo, cha Kiingereza, hakina jalada, herufi zimebanana, picha zimechorwa kwa wino mweusi tu. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua kile kikubwa, na pamoja nacho kitabu cha safari chenye ramani ya pwani yote, maana nilikuwa na safari ya Kilifi. Kile kidogo muuza vitabu alinitupia kama nyongeza, apate nafasi.

Sikuuliza kile kikubwa kinaeleza bahari ipi. Kwangu mimi bahari ilikuwa bahari.

Kilifi tulikwenda harusini, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa Mambrui. Wifi huyu ni mtu wa mwili na wa maneno. Hakupi salamu ila ameitia utani, na ukinuna anakuongeza. Aliponiona nimetia vitabu vyote vitatu kikapuni akasema, “Wifi, watu wamebeba nguo za harusi, wewe umebeba madrasa.” Nami nikamjibu kuwa anayejua haulizi njia. Ndivyo tulivyoishi, na tulipendana.

Asubuhi baada ya harusi maji yalikuwa yamekupwa, miamba yote iko nje. Nikamwomba anisindikize. Alilalamika njia nzima, lakini tulipofika ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuvua viatu. Hakupita muda akaniita. “Wifi, hebu njoo uone mali.”

Alikuwa ameshika kombe la umbo la pia, lile dude wanalozungusha watoto. Pana juu, jembamba chini, lina michoro ya kahawia kama kitambaa kilichofumwa. Katika miaka yangu yote ya kuokota sijawahi kupata zuri kama lile. Simu ninayo, lakini katika jua lile la miambani kioo hakisomeki, na tena nilikuwa nimebeba vitabu vya nini? Nikafungua kile kikubwa. Nikaona kombe la umbo lilelile, rangi haikuwa mbali sana, na maneno ya chini nikayasoma vizuri kabisa: ni dogo, ni la kawaida, halina madhara kwa mtu.

“Salama,” nikamwambia. “Na liko tupu.”

Naye, kama mwanamke yeyote wa kwetu anayetaka kitu kisipotee, akalifunga pindoni mwa leso, akalipindia kiunoni upande wa tumbo, akatia na pini. Mikono ikabaki mitupu ya kuokotea mengine.

Tukaendelea. Baadaye kidogo alijikuna kiunoni, akasema pini imemdunga. Nikamwambia aitoe kabla haijampasua. Akaitoa, akaichomeka kwenye mtandio, tukaenda zetu. Hata sauti hakupandisha.

Tulipokuwa tunarudi mchangani akasema midomo yake imekufa ganzi. Nikamwambia ni ile pilipili ya achari ya harusini. Akasema labda. Kisha akasimama, akanitazama, akasema, “Wifi, mbona mko wawili?”

Nikacheka. Kwa nini nisicheke? Huyu ndiye aliyewahi kuniambia pilau yangu imekauka hata panya kaomba maji. Nikamwambia wawili hao wote wamechoka na wewe, twende. Lakini yeye hakucheka. Kope zake zilikuwa zinashuka, anazipandisha, zinashuka tena, na aliponijibu maneno yalitoka mazito, yamegandana. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Alikaa chini mchangani mwenyewe, akalala. Nikapiga magoti nikamfungua leso. Tumboni, pale pindo lilipokuwa, palikuwa na alama ndogo, na kando yake pamekuwa pekundu. Pini, kabla hajaitoa, ilikuwa juu kabisa, karibu na mbavu. Si pini. Nikalifungua pindo, na kombe lile nililosema mimi ni tupu lilikuwa limetoa mkonga mwembamba, unakwenda huku na huku, unanusa.

Nilipiga ukelele nisioujua. Watu wa kibanda cha madafu wakaja mbio, wakambeba, wakamtia katika tuktuk iliyokuwa juu barabarani. Nililitia kombe lile katika chupa ya maji ya mdomo mpana kwa ncha ya kijiti, nikapanda nikampakata kichwa. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa kijiji cha Adu kama alivyoniambia baadaye. Aliuliza mara moja tu, “Ameumwa na nini, mama?” Nikamwonyesha chupa.

Nikavuta kile kitabu kidogo. Sijui kwa nini sikukivuta mapema. Nilikipekua nikapasua kurasa, nikakuta mchoro wa wino mweusi, ni kombe lenyewe, hakuna cha kubabaisha. Chini yake, Bahari ya Hindi; kile kikubwa kilikuwa cha bahari ya kwao Wataliano.

“Kimeandikwa nini?” dereva akaniuliza bila kugeuka.

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti, natafsiri moja kwa moja kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kwamba mnyama huyu ana mwiba ndani na mwiba una sumu. Kwamba kwanza ni ganzi, kisha macho, kisha viungo vyote hulegea, kisha pumzi. Kwamba watu wamekufa. Kwamba dawa yake haijulikani.

Dereva aliongeza mwendo.

Nami, kwa kuwa sikujifunza, nikafungua kitabu cha pili. Kile cha safari. Ramani ilionyesha zahanati hapohapo karibu, alama nyekundu, huwezi kuikosa. Nikamwambia dereva akate kulia. Akasema hapajui penye zahanati huko. Nikamfokea kuwa imeandikwa. Akakata. Tulipofika palikuwa na duka la rangi na mabomba, na mwenye duka, alipoona hali ya niliyempakata, akaacha chai yake akasema kwa upole kuwa zahanati ilihama zamani, hata yeye hakuikuta. Sikutazama kitabu kile kilipigwa chapa mwaka gani. Nilikitupa nje palepale.

Tukageuza kuelekea hospitali. Barabara ile si ndefu, lakini mimi niliiona haina mwisho. Wifi yangu alikuwa amelegea kama nguo mbichi. Macho yamefumba. Nilimwita, hakuitika. Nilimfinya mkono, hakuuvuta. Niliweka kiganja puani pake nikasikia pumzi ndogo, kisha ndogo zaidi, na kati ya moja na nyingine nikawa nangoja na mimi sipumui. Niliogopa, wallahi, sijawahi kuogopa vile. Niliogopa kufika na maiti. Niliogopa kumpigia mume wangu. Nilimwogopa mama mkwe wangu, mzee wa watu, aliyenikabidhi bintiye kwa maneno haya: rudini wote.

Na nilipoona kifua hakipandi tena ila kwa taabu, nikafanya tunachofanya sisi. Niliinama nikamtamkia shahada sikioni. Polepole, mara kwa mara, kama alivyotamkiwa marehemu mama yangu, ili neno la mwisho la masikio yake liwe lile. Sikuona ulimi wake ukicheza. Midomo haikutikisika hata kidogo. Na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwamba anaondoka na hajaitamka.

Hospitali walimpokea mbio. Daktari alilitazama kombe chupani, akalijua. Akaniambia maneno yaleyale ya kitabu kidogo, kwamba dawa hakuna, lakini akaongeza moja ambalo mimi sikufika kulisoma kwa kuwa lilikuwa ng'ambo ya ukurasa: mgonjwa akipumuliwa kwa mashine mpaka sumu iishe, huweza kupona. Wakamtia mipira ya kupumulia. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama kifua chake kinavyopandishwa na kushushwa. Sikuthubutu kupepesa. Nilihisi nikipepesa kitasimama.

Alasiri ya siku ya pili alifungua macho. Mume wangu alikuwa amekwisha fika, akalia bila kujificha. Walipomtoa mipira na sauti ikamrudia kidogo, mume wangu akatoka kumpigia mama yao. Tukabaki wawili.

Nilikuwa nangoja utani. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani wowote, juu yangu, juu ya vitabu, juu ya makombe yangu yote kabatini. Ningeupokea kwa mikono miwili.

Alinitazama. Kisha akasema, “Nilikuwa nikisikia.”

Nikamuuliza nini.

“Yote. Macho ndiyo yalikataa. Ulipomsomea yule wa tuktuk, nilisikia. Kwamba dawa haijulikani.”

Nilishika ukingo wa kitanda.

“Na ile shahada,” akasema, na hapo machozi yakamtoka kwenda masikioni, kwa kuwa alikuwa bado amelala chali. “Nilikuwa nikiifuata, wifi. Kila ukisema nakufuata. Ulimi haukwenda. Nikajua nakufa na ulimi hauendi.”

Nikapanda kitandani mwa watu na nguo zangu zenye mchanga, nikalala ubavuni mwake. Muuguzi alikuja akatuona, akafungua mdomo, kisha akarudishia pazia.