Sauti ya Ukasha

"Kabla pilau hii haijapoa, nitakuwa nimeshaajiriwa!"

Ukasha aliwatangazia hivyo watu wa Kwedizinga kwenye sherehe yake ya kumaliza chuo kikuu. Aliwatangazia kwa mikono, maana ni kiziwi tangu utotoni, na Eliasi wa Lutindi, rafiki aliyesoma naye darasa moja, akayatia maneno sauti kwenye maiki. Vigelegele! Pilau ikapoa, ikaliwa kiporo, masufuria yakarudi kwa wenyewe. Kazi hakuna.

Mwaka uliofuata shirika moja la Korogwe likatangaza nafasi ya afisa wa miradi ya watu wenye ulemavu. Ukasha akaitwa kwenye usaili, akaenda na Eliasi amtafsirie, kama walivyozoea chuoni.

Sasa, mkalimani wa lugha ya alama hasemi "huyu anasema." Anasema "mimi," kana kwamba maneno ni yake. Ukasha akaeleza kwa mikono namna ya kuwafikia watoto viziwi wanaofichwa majumbani, na sauti ya Eliasi ikatoka: "Mimi ningeanza na bibi zao, ndio wanaoshinda nao." Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika, macho yote kwa Eliasi. Hata kabati la mafaili lilitazamwa zaidi kuliko Ukasha.

"Umejieleza vizuri sana, kijana," mwenyekiti akamwambia Eliasi.

Eliasi hakusema si mimi. Akasema, "Asante, mzee."

Wiki iliyofuata wakampigia simu Eliasi: sauti iliyowapendeza ndiyo waliyoitaka. Kazi akapewa yeye, akaipokea, kisha akaja Kwedizinga kueleza, mikono mitupu, hata sukari hakubeba.

"Majibu yalikuwa yangu," Ukasha alimwambia kwa alama.

"Ningekataa wangechukua mwingine, kaka. Mimi nikiwa ndani nitakufungulia mlango." Aliyasema kwa mdomo pia, ili mama yake Ukasha asikie.

Bi Hamisa alikuwa anapepeta mahindi. "Mlango upi, mwanangu? Wewe mwenyewe si umepitia dirishani?"

"Mama, usinihukumu."

"Sikuhukumu, baba. Nakuuliza tu, maana ugali wangu umeula miaka mitatu."

Mlango haukufunguliwa. Siku hizi Ukasha anauza machungwa Kabuku, kando ya barabara kuu. Juzi gari la shirika likasimama mbele ya meza yake. Eliasi akashuka, wenzake wakichungulia madirishani, akaanza kuchezesha mikono: nimekukumbuka, kaka, tusameheane, nitakutafutia kitu.

Ukasha akamwacha amalize. Kisha akamwonyesha vidole vitano, kama anavyowaonyesha wateja wasiojua alama.

Ndoo ya machungwa, shilingi elfu tano.