Mbele ya Wapiga Fidla, Mume Wangu Aliniita Ndugu

Nifichieni jina, maana Arua ni mji mdogo. Nina miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, kwetu ni Koboko. Nimeolewa juzijuzi na mwalimu ninayempenda kupita kiasi! Akikohoa tu nje ya mlango, moyo wangu unaruka. Kila asubuhi hunifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Wasomaji, nani mwingine ana mume kama huyo?

Jumapili iliyopita alinipeleka misheni ya Ombaci kusikiliza wageni kutoka Ulaya. Mmoja alipiga piano aliyoiacha Mhindi wa duka alipofukuzwa nchini, wenzake watatu walipiga fidla: ndogo, ya kati, na kubwa inayobanwa magotini.

"Mpenzi, huu ni muziki wa kimapenzi," alininong'oneza. Nikayeyuka.

Sehemu ya polepole ilinitoa machozi. Ilipokwisha, ukumbi mzima kimya. Niliona vibaya. Kwetu Wanubi, wimbo wa mapenzi ukinyamaziwa, bibi harusi ametukanwa. Nikasimama, nikapiga vigelegele virefu kwa moyo wote.

Kumbe hawajamaliza! Desturi yao ni kunyamaza mpaka sehemu zote ziishe.

Mwalimu mkuu wake akageuka akicheka. "Mwalimu, huyu bibi iko nani? Harusi iko wapi?"

Mume wangu akavuta kiti chake kando. "Huyu iko ndugu yangu tu, ametoka kijijini."

Ndugu. Muziki ukaendelea, nikaiona mikono yao ikienda na kurudi, lakini sikusikia kitu. Mwishoni mama wa fidla kubwa alinijia, akanishika mikono. "Sauti yako mzuri," alisema. "Jumapili tunapiga tena. Wewe kuja."

Nyumbani mume wangu alisema, "Neno lilinitoka tu. Wewe ni malkia wangu." Bado hunifunga kitambaa kila asubuhi. Mimi husimama kama gogo mpaka amalize. Sijalia, sijakasirika. Nje akikohoa, nasikia mtu amekohoa.

Amenishonea gauni jipya la Jumapili, zuri sana. Ameniomba jambo moja: nisipige vigelegele. Nikiulizwa tena mimi ni nani, atajibu nini? Hakusema, na mdomo wangu umekataa kumuuliza.

Nishaurini, ndugu wasomaji. Nikivaa gauni hilo nikakaa pembeni yake, nitakuwa nimekaa pale kama nani?