Nilivyomsimulia Baba Mkwe Sinema ya Kwenye Magari

Nichekeni tu, nimeshazoea. Jumamosi nilimpeleka baba mkwe wangu, Mzee Salum, Kigamboni, kwenye sinema mpya ambayo watu wanaitazama wakiwa ndani ya magari. Ile ya zamani kule Msasani ilishatoweka, na mzee huniangaliaga kama mgeni, nikaona leo ndiyo siku ya kumpendeza.

Giza lilipoingia, skrini ndefu kama ghorofa tatu ikawaka. Wallahi nilisahau kupumua. Uso wa mwanamke ulijaza mbingu nzima, na chozi lake lilikuwa kubwa kuliko gari letu.

Lakini sauti, hakuna. Nikadhani sinema za aina hii ni bubu. Ili mzee asikose uhondo, nikaanza kumsimulia.

"Baba, huyu anadai talaka kwa huyo mumewe!"

Mume nikamsemea kwa sauti nzito, mke kwa sauti nyembamba, na kilio nikalia mwenyewe. Mzee alikuwa ametumbua macho mbele tu.

Mara dirisha likagongwa. Alikuwa dada wa gari la jirani.

"Kaka, samahani. Washa redio, sauti inatokea humo."

Nikawasha. Kumbe yule "mume" ni kaka yake, na wote wawili wanamlilia mama yao.

"Baba, ulikuwa unajua?"

Mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mie ndiye niliyekuwa naendesha mashine ya sinema pale Msasani. Zima hiyo redio, mwanangu, uendelee."