Tumbo la Bilonda Halijafungwa

Daktari wa hospitali ya kampuni ya migodi, mjini Kolwezi, alilifungua tumbo la Bilonda, akaahidi kulifunga, kisha akaacha mama wa watu afukuzwe likiwa wazi. Huo ndio ubaya wenyewe.

Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari akakata sehemu iliyooza, mwisho wa utumbo akautoa nje, ubavuni kushoto, choo kikawa kinaingia katika mfuko wa plastiki uliobandikwa tumboni.

"Mama, hii ni ya muda," alisema. "Ukipata nguvu tutaurudisha utumbo ndani, tukushone. Lakini sitaki ulale. Tembea."

Bilonda akatii. Alijifunga kitenge juu ya mfuko, akatembea, kwanza mpaka bombani, halafu mpaka soko la Manika. Akashika mchi, akatwanga mihogo akiwa ameketi. Jumapili moja alirudi kwenye safu ya akina mama wanaocheza wakipeleka sadaka, na mumewe Kankolongo akacheka: "Ukicheza hivyo, utaniacha nyuma mimi mzima." Siku hiyo alisahau kabisa kwamba ana mfuko.

Halafu kampuni ikaanguka, na wakubwa wa mkoa wakatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai, mkoa jirani, walitolewa majumbani, wakaitwa bilulu, wadudu. Bilonda na Kankolongo, wa asili hiyo ingawa walizaliwa Kolwezi wote wawili, walitolewa katika nyumba ya kampuni, wakalala chini pale stesheni wakingoja gari moshi. Mifuko ikaisha. Alibaki na vitambaa vya kufua.

Siku ya kushonwa ilipofika, alikwenda hospitalini. Mlangoni palisimama kijana mwenye fimbo, mmoja wa waliokuwa wakiwafukuza, umri wa mtoto wake wa kwanza.

"Mi niko mugonjwa, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Daktari ananingojea."

"Umetoka wapi?"

"Ku gare, na miguu," alisema, akionyesha upande wa stesheni.

"Na miguu? Mugonjwa gani anatembea hivi? Mugongo wima kama mujeshi." Wenzake wakacheka. "Fungua kitenge tuone."

Kwa Waluba, kabila lake, mama hamfunulii mwana tumbo. Ni mwiko, na unaua. Bilonda alishika fundo la kitenge, akaliachia bila kulifungua. Akainua macho, akamwona daktari dirishani. Huyo alijua kilichokuwa chini ya kitenge. Alimtazama, akavuta pazia. Bilonda akarudi stesheni bila kushonwa.

Ndani ya behewa watu walimpisha, si kwa heshima, kwa harufu. Kabla ya kufika stesheni ya Tenke mtu akasema, "Uyu mama aikale ku mulango." Akakaa mlangoni, Kankolongo akimshika mkono asianguke.

Sasa yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, mji wasikokuwa na ndugu. Analima kwa kuwa lazima wale, na nyama imetokeza kando ya lile tundu, kubwa kama ngumi. Akiinua jembe inauma. Kanisani anakaa nyuma karibu na mlango, na wengine wakicheza yeye hupiga makofi tu. Watu wanamwambia asamehe, mambo yamepita. Yamepitia wapi?

Kampuni inadaiwa nyumba ambamo ilimtoa. Daktari anadaiwa operesheni moja, na yu hai, bado anatibu watu Kolwezi.