Nyama ya Geertje Iliyozaa Dhehebu

Mchungaji yeyote wa dhehebu letu atakwambia lilianza kwa ajili ya kulinda mafundisho safi. Uongo mtupu. Lilianza kwa nyama ya nguruwe ya jirani yangu Geertje Hoekzema, hapahapa Michigan, na siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma yake.

Mchungaji alikuwa kwenye hoja ya pili ya mahubiri, akitetea nyimbo mpya mbele ya watu tuliozoea kuimba Zaburi tu. Ghafla Geertje akakumbuka ameacha nyama jikoni kwenye moto mkali. Akainuka, akatoka mbio. Mumewe Wiebe hakujua lolote, maana hoja ya pili ndiyo aliyokuwa akilalia. Lakini wapenda Zaburi, waliokuwa wamevimba kwa hasira tangu asubuhi, walidhani mwenzao amepata ujasiri. Wakamfuata, familia nzima nzima. Nami nikatoka, kwa kuwa benchi letu lote lilikuwa linatoka.

Geertje alipochungulia kutoka jikoni kwake, ua ulikuwa umejaa watu wanaolia kwa furaha.

"Umetukomboa, mama!" alisema Roelof Dykhuis, muuza mbegu.

"Nimeokoa nyama tu, Roelof. Nendeni makwenu."

"Jamani, sikieni unyenyekevu huo!"

Jumapili iliyofuata tuliabudu kwenye ghala lake la nyasi, na kwetu mwanamke hafungui mdomo ibadani wala kwenye kikao. Kila alipotaka kueleza, wazee wa kanisa walimjibu kwamba mumewe ndiye amsemee. Mumewe alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kanisa la zamani, amelala. Huko nako walishamtenga Geertje mpaka atubu dhambi ya kuligawa kanisa.

"Nitubu nini? Kwamba sikutaka chakula kiungue?" alinifokea, kana kwamba mimi ndiye niliyemtenga. "Nataka kukaa na mume wangu kanisani, basi! Akisinzia huwa ananiegemea begani. Sasa anamwegemea nani?"

"Anaegemea ukuta," nilimwambia. Nilikuwa nimeulizia.

Miaka ikapita. Ghala likawa kanisa la matofali, nalo likazaa makanisa mengine hadi Iowa na Kanada. Geertje akaitwa mama wa dhehebu, jina alilolichukia kabisa. Kila Jumapili yeye na Wiebe walitoka nyumbani pamoja, wakaachana barabarani bila kusemeshana. Nilikuwa nikiwaona, roho ikiniuma.

Mwishowe Wiebe akachoka. "Mke wangu, nahamia kanisani kwenu. Nitawaeleza mwenyewe."

Alipokewa kwa shangwe, na kwa kuwa ni mume wa mama wa dhehebu, wakamfanya mzee wa kanisa kabla hajavua koti. Akasimama mbele yetu.

"Ndugu zangu, ilikuwa nyama. Ilikuwa inaungua."

Dykhuis akatikisa kichwa taratibu. "Mungu wetu hutumia hata nguruwe," akasema, akatuombea.

Kisha wakampeleka Wiebe kwenye benchi la wazee, mbele kabisa, kando ya mimbari, ambako wake hawakai. Hilo Geertje hakuwa amelifikiria. Niliona shingo yake ikigeuka nyekundu. Hoja ya pili ilipoanza, macho ya Wiebe yakajifumba, kichwa kikayumba kikitafuta bega, na Dykhuis, mzee mwenzake, akajisogeza pembeni.

"Wiebe!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, katikati ya ibada.

"Shuka huko! Njoo ukae na mimi."

Wiebe akashuka, viatu vikilia sakafuni. Dykhuis akatoka na nusu ya waumini, na leo wana dhehebu lao, nalo linakua vizuri tu. Sisi tuliobaki tuliinamisha vichwa kwa aibu, maana Geertje alikuwa amemshika mumewe mkono mbele za watu, analia kwa sauti, na hakuna aliyewahi kutufundisha tufanye nini mtu akifurahi hivyo kanisani.